Hamaki ya Churchill: Mpangilio na Hisia katika Picha ya Mtu



Mada niliyokabidhiwa yahusu mpangilio wa picha ya mtu na hisia itokayo humo, nami, badala ya kuzunguka katika kanuni, ambazo aghalabu hukaririwa na wasiowahi kuitazama hata picha moja kwa utuo, nimeona bora nikuiteni mbele ya picha moja tu: ile aliyoipiga Yousuf Karsh, Muarmenia mzaliwa wa Mardin aliyehamia Kanada, tarehe 30 Desemba 1941, katika chumba cha Spika wa Bunge mjini Ottawa, ambamo Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, anatukazia macho kwa hamaki isiyofichika.

Kisa chake ni mashuhuri. Churchill alikuwa ametoka kulihutubia Bunge la Kanada, wala hakuwa na habari kwamba atapigwa picha; na Karsh, aliyekwisha kuzipanga taa zake tangu usiku uliotangulia, alipomwona mgeni hataki kuiweka chini sigara yake nene, alimsogelea, akamtaka radhi, akaichomoa kinywani mwake, kisha akarudi kwenye kamera na kupiga. Hamaki tuionayo, basi, ni ya mtu mzima aliyepokonywa tumbaku yake. Imekuwaje, walakini, ulimwengu ukaisoma kuwa ni azma ya taifa lililokataa kusalimu amri?

Itazameni. Mwili uliovikwa suti ya rangi ya kiza umesimama mbele ya ukuta wa mbao ulio wa kiza vilevile, hata mpaka baina ya mtu na chumba wakaribia kupotea, na nuru imeachiwa mahali pachache: paji la uso, mashavu, na mikono. Mkono mmoja umeshika kiuno, kiwiko kikatokeza nje na kulipanua umbo. Wa pili umeegemea mgongo wa kiti. Jicho la mtazamaji hupanda kutoka mkono hadi uso, likashuka kwa mkono wa pili, lisipate pa kutokea. Nalo umbo hilo la pembetatu, pana chini na jembamba juu, ndilo limpalo mtu mfupi uzito wa mwamba. Lau angeliketi, hamaki ile ile ingalionekana kununa tu.

Wako wasemao kwamba mpangilio ndio kila kitu. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu ni picha ya pili, ambayo Churchill aliiruhusu papo hapo, ghadhabu zikiwa zimemtoka, naye akitabasamu. Chumba ni kile kile, suti ni ile ile. Lakini tabasamu na kiza kile kizito havikupatana, nasi twamwona mzee mcheshi, basi.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko taa. Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, ilikuwa imeshambuliwa tarehe 7 ya mwezi ule ule, na mtazamaji wa siku zile aliijia picha hii na hofu yake mwenyewe, akitafuta uso usioogopa. Sigara ingalionekana pichani, angalikisia sababu ya hasira. Ilipoondolewa, sababu ikatoka pamoja nayo, na pengo hilo akalijaza kwa vita. Hata Benki ya Uingereza, ilipotafuta sura ya kutia katika noti yake ya paundi 5 iliyotoka mwaka 2016, iliichukua ile ya hamaki.