Kahawa Yetu, Vanila Yetu na Deni la Kisiwa Kidogo

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili, Moshi)





Nimeombwa niseme machache kabla hatujaanza kujadili maombi ya mradi wa vanila. Najua wengi mlitegemea nizungumzie bei na miche. Hayo mtaalamu atayaeleza. Mimi naomba twende kwanza hadi kisiwa kimoja cha Bahari ya Hindi, kwa sababu kazi tunayotaka kuianza huku mlimani ilikwisha kufanyika kule, na lipo kosa lililofanyika kule ambalo hatupaswi kulirudia.

Kisiwa hicho ni Réunion, mashariki ya Madagaska. Ni kidogo: Mkoa wetu wa Kilimanjaro unaweza kukimeza mara tano. Kina mlima unaozidi mita 3,000 na volkano ambayo bado inalipuka. Zamani Wafaransa walikiita Bourbon. Naona wakulima wazee mmetikisa vichwa. Ndiyo, ni Bourbon ile ile ya kahawa.

Kahawa ilipelekwa Bourbon kutoka Yemen mwaka 1715. Kabla ya Wafaransa kisiwa hakikuwa na wenyeji, kwa hiyo walioipalilia na kuichuma walikuwa watumwa, wengi wao kutoka Madagaska na kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Hadi leo watu wa Réunion wanacheza ngoma ya maloya, na mojawapo ya vyombo vyake ni kitu bapa cha mabua chenye mbegu ndani, kinachotikiswa kwa mikono miwili. Wao wanakiita kayamb. Mtu wa Malindi akikiona atasema, "Mbona hii ni kayamba yetu?"

Utumwa ulikomeshwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, na watu zaidi ya 60,000 wakawa huru. Mwaka uliofuata lilianzishwa kule shirika la masista, Binti za Maria, lililowapokea pia wanawake waliokuwa watumwa. Mwaka 1860 baadhi ya masista hao, pamoja na Padre Fava na wenzake, walivuka bahari hadi Zanzibar kuhudumia wagonjwa na watu waliokombolewa. Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaendeleza kazi hiyo, wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1890 wakapanda hadi huku kwetu. Mangi Fumba aliwapokea Kilema, na mwaka 1891 misheni ikaanza. Katika miaka hiyo ya 1890 kahawa ya Bourbon ikapandwa Kilema.

Mengine mnayajua. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Wengi wetu tuliomo humu ukumbini tulilipiwa ada kwa kahawa.

Sasa nije kwenye vanila. Asili yake ni Mexico. Ilipofikishwa Réunion ilitambaa na kutoa maua, lakini haikuzaa, kwa kuwa wadudu wanaochavusha ua lake kwao hawakuwepo. Wataalamu walishindwa. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, alichukua kijiti, akainua utando mdogo ulio ndani ya ua, akabonyeza kwa kidole gumba. Ua likashika. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, pamoja na kwa wakulima wa vanila wa hapa Kilimanjaro. Ua hufunguka siku moja tu, usipoliwahi, limekwenda.

Edmond alizungushwa shamba hadi shamba kuwafundisha wengine. Matajiri wakatajirika. Baadaye akatokea mtaalamu mmoja akidai kwamba ndiye aliyegundua, na ikabidi mwenye shamba alikokulia kijana huyo aandike barua kumtetea. Alipopata uhuru akapewa jina la ukoo, Albius. Mwaka 1880 alifariki akiwa maskini.

Ndugu wajumbe, sikuwaeleza habari hizi ili tusikitike kisha tuagize chai. Tutazame vihamba vyetu. Kwa desturi ndizi ni za mama na kahawa ni ya baba. Mama anapalilia kahawa, watoto wanachuma, lakini kwenye daftari la chama cha msingi limeandikwa jina la baba, na fedha hupokelewa na baba. Vanila inahitaji mikono myepesi kila asubuhi msimu wa maua, na baada ya hapo kungoja miezi tisa hivi hadi maganda yakomae. Ni nani atakayeamka kufanya kazi hiyo? Ni mama na vijana. Je, tutaandika jina la nani?

Kwa hiyo naziomba kamati mambo matatu. Kwanza, anayechavusha ndiye aandikishwe kuwa mwanachama wa kikundi, na malipo yapitie kwake. Pili, atakayejifunza vizuri na kuwafundisha wenzake alipwe kama mwalimu, hata kama hana cheti. Tatu, tusing'oe kahawa wala migomba kuipisha vanila. Réunion ilitegemea sana kahawa. Vimbunga vya 1806 na 1807 vikaiharibu vibaya, na wakulima wakahamia kwenye miwa. Kihamba chenye mazao mengi ndicho kilichotuvusha kila bei ya kahawa ilipoanguka.

Nanyi wafadhili wetu, mnapopokea taarifa za mradi, msiulize tu idadi ya miche iliyopandwa. Ulizeni pia ni akina nani wamelipwa.

Watu wa kisiwa kile walitutangulia kwa jasho, na wengi wao hatutawajua majina. Wanaofanya kazi katika vihamba vyetu tunawajua. Basi tuwaandike.