Shukrani Isiyomsimamisha Mtoto Juani

Kwa waliozoea semina za malezi, ustahimilivu hauhitaji maelezo marefu: ni uwezo wa mtoto kukua vyema licha ya dhiki. Shukrani kila mtu anaijua. Umaskini ndio usiseme. Mada hii, iliyoandaliwa kwa walimu walezi na wasimamizi wa makao ya watoto nchini Kenya, inayapita hayo haraka ili ifikie jambo linalokera.

Kila Desemba makao hupokea wageni. Watoto hupangwa mistari tangu asubuhi, na mgeni wa saa nne akitokea saa saba, wimbo wa kushukuru huanza upya. Unga unashushwa, mafuta yanashushwa, picha zinapigwa. Mgeni huondoka akisema wale hawana kitu na bado wanacheka, basi naye hatalalamika tena. Bila kutaja makao yoyote, na kwa heshima zote kwa wafadhili ambao pasipo wao majiko mengi yangezimika, mgeni huyo hajajifunza shukrani. Amejilinganisha na aliye chini yake akapata nafuu.

Tena anakisoma kicheko vibaya, kana kwamba ni dalili kuwa dhiki haimdhuru mtoto. Mtafiti Emmy Werner alifuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa 1955 kisiwani Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliolelewa katika dhiki nzito, takriban theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo na wanaojiamini. Nyuma yao, mara nyingi, alikuwapo mtu mzima mmoja asiyewaacha: bibi, shangazi, mwalimu. Theluthi mbili walipata matatizo kabla ya kutimiza miaka 18. Hao hawaimbiwi na mtu.

Anayetaka kufundishwa shukrani na watoto wa mitaa ya mabanda aende Mathare, Nairobi. Chama cha michezo cha MYSA, kilichoanzishwa 1987, kiliamua kwamba timu za watoto zipate pointi za ligi uwanjani na pia kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa wao. Mtoto anapewa mpira, mtaa unapewa jasho lake. Hakuna anayemwimbia mwenzake. Humo ndimo ilimochipuka Mathare United, mabingwa wa ligi kuu ya Kenya 2008.

Mapendekezo ni haya. Wimbo wa kushukuru ufutwe. Mtoto akitaka kusema asante, aseme mwenyewe. Nyuso zisipigwe picha za kusambazwa: Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yao. Mgeni aje saa aliyoahidi. Shule zenye uwezo zisipeleke wanafunzi kutazama umaskini. Ziwapeleke washike sepetu kando ya wenyeji, wakikaribishwa. Fedha zimfikie kwanza yule bibi au shangazi, kwa kuwa watoto wengi wa makao wana jamaa walio hai, na mkakati wa taifa wa malezi ya watoto wa 2022 hadi 2032 unataka walelewe katika familia. Walimu wasiwaambie watoto wa matajiri washukuru kwa kuwa hawakuzaliwa mabandani. Na wimbo ufutwe.

Anayeona pendekezo la wimbo limerudiwa hajakosea. Limekuwa likitolewa semina baada ya semina na kupigiwa makofi. Wasimamizi waliomo ukumbini wanaombwa walitekeleze kabla ya Desemba.