Ngozi na Kinga: Kwa Nini Donda Ndugu Halifungi



Mwaka 1870 David Livingstone alikwama miezi kadhaa Bambarre, Manyema, kwa vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Habari zake tunazo kwa sababu aliandika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliosafiri na pembe za ndovu mabegani hawakuandika, na donda ndugu halikuchagua mgonjwa.

Kwa nini kidonda kimoja kinafunga kwa wiki mbili na kingine kinakaa mwaka? Wengi wetu hujibu: vijidudu. Vimo, ila tumevilaumu mno tukaisahau ngozi yenyewe.

Ngozi ikikatwa, seli zake za juu, keratinosaiti, ndizo zinazopiga mbiu ya kwanza. Saa chache baadaye chembe nyeupe za damu zimejaa. Kidonda ni chekundu, kina joto, kimevimba, kinauma. Mwako huo tunauhitaji. Lakini keratinosaiti hutoa pia vichocheo vya ukuaji vya jamii ya EGF, ile aliyoigundua Stanley Cohen, mshindi wa Nobeli wa 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Vichocheo hivi huisukuma seli itembee kuziba pengo. Kazi yao nyingine haisemwi sana: huizuia seli hiyohiyo isizidi kuita askari wa kinga.

Ushahidi uko wodini. Mgonjwa wa saratani akipewa dawa inayoziba kipokezi cha EGF, kama cetuximab au erlotinib, mara nyingi katika wiki za mwanzo uso na kifua hutoka vipele vya usaha. Hakuchubuka wala hakuungua. Kizuizi kimeondolewa, kinga ikaivamia ngozi.

Katika donda ndugu, chembe nyeupe zinazokawia humwaga vimeng'enya vinavyokata hata vichocheo vya ukuaji. Mwako unakula kile ambacho kingeutuliza. Ndiyo maana jeli ya PDGF, kichocheo kingine cha ukuaji, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, haitoshi peke yake: nyama iliyokufa iondolewe kwanza, mguu usibebeshwe uzito. Muuguzi anayesafisha kidonda kwa subira anaiongoza kinga, na kazi yake naiheshimu kuliko dawa nyingi za bei kubwa.

Wafugaji nyuki mnangoja niseme kuhusu asali. Inavuta maji, ina asidi, huzalisha haidrojeni peroksaidi taratibu, bakteria hawastawi. Maabara imeonyesha pia kwamba huziamsha monosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, zitoe TNF na IL-6, ishara za kuanzisha mwako. Kwa kidonda kilicholala hiyo ni heri. Kwa kinachowaka tayari, sina haraka ya kuisifu. Tena asali ya hospitali hupigwa mionzi ya gama kuua mbegu za bakteria, na ya mzingani haikupitia huko.

Kwa hiyo ambaye kidonda chake kimepita wiki mbili bila kupungua aende zahanati, apimwe sukari, kidonda kisafishwe na kufungwa. Habari ya asali tuizungumze baada ya hapo.