Mvinyo wa Blakiberi Nyumbani: Usalama, Sheria na Utengenezaji

(Maandishi ya mazungumzo kwa vikundi vya wakulima wa matunda)



Kandokando ya mashamba ya Molo, Elburgon na Kuresoi, na kwenye kingo za msitu wa Mau, kuna kichaka cha miiba ambacho watoto wengi wa huko hukijua kabla hawajaanza shule. Tunda lake huanza likiwa kijani, likawa jekundu, kisha jeusi, na mtoto aliyekula hawezi kukana, kwa maana ulimi na vidole vinamshtaki. Kila jamii ina jina lake la tunda hilo. Sokoni na madukani huitwa blakiberi, na siku hizi wapo wakulima wanaolipanda kwa mistari kama zao lolote lingine.

Shida ya blakiberi ni kwamba halisubiri. Likichumwa asubuhi na kukaa nje, siku ya tatu lina ukungu. Mkulima aliye mbali na jokofu ana njia chache: kuuza siku hiyo hiyo, kupika jemu, kukamua sharubati, au kutengeneza mvinyo. Njia hiyo ya mwisho ndiyo huulizwa sana, na pia ndiyo yenye hofu nyingi.

Kuchachisha vitu vitamu si jambo geni katika Bonde la Ufa. Wazee wa Kikuyu walitengeneza muratina kwa asali au maji ya miwa, wakitia tunda lililokaushwa la mti wa muratina, ambalo hubeba hamira kutoka pishi moja hadi jingine. Wamaasai na Wakalenjin nao walikuwa na pombe zao za asali kwa ajili ya sherehe. Naivasha mizabibu imepandwa kwa miaka mingi, na mvinyo wa huko unaoitwa Leleshwa umechukua jina la kichaka chenye majani ya kijivu na harufu kali kinachoota kote katika sehemu kavu za bonde hili. Kwa hiyo wanaosema mvinyo ni kitu cha Wazungu wanasahau mambo mengi.

Hofu, hata hivyo, ina sababu. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe yenye sumu, na wengine wakabaki vipofu. Mei 2014 maafa kama hayo yalipiga kaunti kadhaa kwa siku chache, zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Kwa hiyo mtu akisikia jirani anatengeneza pombe nyumbani, swali lake la kwanza ni moja: je, itapofusha watu?

Jibu linahitaji maelezo kidogo. Hamira inapokula sukari hutoa ethanoli, ambayo ndiyo kileo cha kawaida, pamoja na hewa ya kaboni. Matunda yenye pektini hutoa pia methanoli, lakini kwa kiasi kidogo sana, na mvinyo wa matunda uliotengenezwa kwa usafi hauna kiasi cha kumpofusha mnywaji. Sumu inayoua watu kwa wingi hutoka kwingine: ni methanoli ya viwandani, ile ya kuyeyushia rangi na kutengenezea kemikali, inayomiminwa kwenye pombe na mtu anayetaka iwe kali kwa bei rahisi. Mwilini methanoli hugeuka asidi ya fomiki, nayo hushambulia mshipa wa jicho. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24, ndiyo maana mtu hulala akidhani amelewa tu. Anayeona ukungu machoni, anayetapika na kuhema kwa nguvu baada ya kunywa apelekwe hospitali papo hapo, hata usiku wa manane. Matibabu yapo, lakini kila saa inayopita hupunguza faida yake.

Hapa pana mambo mawili yasiyo na mjadala. Mvinyo wa nyumbani hautiwi kitu chochote cha kuongeza ukali: si spiriti, si dawa, si unga wowote wa kununuliwa kwa siri. Na haukenekwi, yaani hauchemshwi ili kukusanya mvuke wake. Hatua hiyo ndiyo hugeuza mvinyo kuwa chang'aa, na mtu asiye na vifaa wala ujuzi hawezi kujua kilichomo kwenye chupa yake.

Kabla ya kununua sukari, kuna sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inahitaji leseni kwa anayetengeneza kileo na kwa anayekiuza. Katiba ya 2010 iliweka utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Bidhaa inayoingia sokoni huhitaji pia alama ya ubora ya KEBS na stempu ya ushuru ya KRA. Kwa hiyo anayetaka kujaribu, hata ndoo moja, aanzie ofisi ya kaunti ndogo yake aelezwe anachoruhusiwa. Wengi hunaswa na kitu kidogo sana: jirani anaonja, anapenda, anatoa shilingi mia tatu, na tayari biashara imeanza bila leseni. Kikundi chenye nia ya kuuza ni heri kiombe kibali kama kikundi, maana gharama ya vipimo na stempu ni mzigo kwa mtu mmoja. Na kumuuzia au kumpa aliye chini ya miaka 18 ni kosa, hata akiwa ametumwa na babake.

Sasa kazi yenyewe.

Kwa lita 5 za mvinyo huhitajika kilo 2 za blakiberi zilizoiva hadi kuwa nyeusi kabisa. Jekundu lililochanganyika humo huleta ukali usioisha. Matunda ya ua wa nyumbani hayana tatizo. Yaliyo ndani ya msitu wa serikali yanahitaji ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu, na yaliyo kando ya shamba la viazi lililonyunyiziwa dawa wiki hiyo yaachwe yalipo. Yenye ukungu hutupwa yote. Tunda moja bovu huharibu ndoo nzima.

Vyombo ndivyo huamua matokeo kuliko kitu kingine chochote. Ndoo iwe ya plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya shaba na ndoo ya bati hazifai, kwa kuwa asidi ya matunda hula madini yake na kuyaingiza kwenye kinywaji. Mtungi uliowahi kubeba dawa ya mimea au mafuta ya taa haufai kamwe, hata ukioshwa mara saba. Vyombo vyote huoshwa kwa sabuni, vikasuuzwa, kisha vikamwagiwa maji ya moto.

Matunda hupondwa ndani ya ndoo kwa mwiko safi. Maji lita 3 huchemshwa, sukari kilo 1 ikayeyushwa humo, na maji hayo yakamiminwa juu ya matunda. Matunda yenyewe hayachemshwi jikoni, kwa sababu pektini ikipikwa huacha mvinyo na ukungu usiotulia. Kisha husubiriwa. Hamira ikitiwa kwenye maji ya moto hufa, na hapo ndipo wengi hukosea halafu wakailaumu hamira ya duka. Ndoo ikishakuwa vuguvugu, hutiwa kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mvinyo. Ile ya mkate hufanya kazi pia, ila ladha yake hubaki kama ya andazi na mara nyingi huchoka mapema.

Ndoo hufunikwa kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba, si kifuniko kilichobana. Kwa siku nne au tano matunda hupanda juu na kutengeneza tabaka, nalo husukumwa chini mara mbili kwa siku ili lisikauke na kuota ukungu. Baada ya hapo huchujwa kwa kitambaa bila kukamuliwa sana, na maji yake huwekwa kwenye mtungi wenye shingo nyembamba, yakiongezwa maji yaliyochemshwa na kupoa hadi lita 5 zitimie. Kwenye kizibo hupitishwa mpira mwembamba ambao ncha yake imezama kwenye chupa ya maji. Hewa ya kaboni hutoka ikitoa viputo, na hewa ya nje haiingii. Mtungi uliozibwa kabisa hupasuka, na vipande vya kioo jikoni penye watoto si jambo la mchezo.

Baridi ya Molo ina neno lake hapa. Mji huo uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na hamira hupenda nyuzi 18 hadi 24. Usiku wa Julai viputo hukoma, mtu akadhani kazi imeisha. Mtungi ukihamishiwa karibu na jiko huamka tena. Naivasha na Nakuru mjini shida hiyo ni ndogo.

Kipimo cha haidromita huondoa kubahatisha. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa asilimia 1 ya kileo, hivyo kilo moja ya sukari pamoja na utamu wa matunda hufikisha karibu asilimia 12 au 13. Hicho ni zaidi ya mara mbili ya nguvu ya bia nyingi. Anayekunywa glasi kubwa akidhani ni sharubati hugundua anaposimama, na asishike usukani kuelekea Salgaa.

Viputo vikiisha, mvinyo hutenganishwa na mashapo kwa mpira, na hurudiwa kila baada ya miezi miwili hadi uonekane safi kama chai ya rangi. Chupa hujazwa baada ya miezi sita, zikiandikwa tarehe na kuwekwa mahali penye giza. Ukionjwa mapema huwa mkali na wa kukwaruza. Mwaka mmoja huubadilisha kabisa. Ukichelewa kuzibwa na vijidudu vikaingia na hewa, hugeuka siki. Hiyo haitupwi: huingia kwenye kachumbari.