Machicha Yalikwenda Wapi? Kijiji cha Pombe cha Jiujiang na Hesabu Iliyosahauliwa



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Katika kongamano moja, mchumi ninayemheshimu sana alisimama akasema kijiji kisicholima mpunga hakina udhuru wa kukeneka pombe ya mchele, na kwamba vijiji vya namna hiyo viliishi kwa kunywa chakula cha wenzao. Mfano alioutoa ni Jiujiang, kusini-magharibi mwa Guangzhou, nchini China. Hapo ndipo aliponigusa. Ndugu zangu Waislamu wataniwia radhi mara mbili jioni hii, kwanza kwa pombe, halafu kwa nguruwe.

Sitawachosha na historia ya jumla. Jiujiang ninayoisema si lile jiji la Mto Yangtze. Ni mji mdogo wa Nanhai, kando ya Mto Xijiang, ambao enzi za Ming na Qing ulikuwa chini ya Guangzhou na leo uko Foshan. Unakingwa na tuta la Sangyuanwei, lililoanza kujengwa zama za Song na kuingizwa mwaka 2020 katika orodha ya dunia ya urithi wa umwagiliaji. Mgeni ataoneshwa makumbusho ya pombe, atakula maandazi ya ufuta ya mviringo ya Mwaka Mpya, na atasimuliwa habari za Zhu Ciqi, mwalimu aliyemfundisha mwanamageuzi Kang Youwei hapo hapo.

Turudi kwa mchumi wangu. Hoja yake ni kongwe. Mwaka 1737 Mfalme Qianlong alipiga marufuku ukenekaji katika mikoa mitano ya kaskazini ili kuokoa nafaka. Afisa wake Fang Bao aliunga mkono. Afisa mwingine, Sun Jiagan, alipinga: ukiwanyima watu pombe kali ya mtama, watahamia pombe laini inayotaka nafaka bora zaidi, na hasara itaongezeka. Ni hoja tamu, ila haiisaidii Jiujiang, kwa kuwa Jiujiang haikutumia mtama. Ilitumia mchele ule ule wa kula, tena wa kununua, ulioteremshwa kwa majahazi kutoka Guangxi. Najua mchumi wangu anatabasamu. Mwacheni atabasamu kidogo.

Swali ambalo hakuliuliza ni hili: machicha yalikwenda wapi?

Mliokulia Uchagani mnajua jibu kabla sijalisema. Kwetu, siku ya kukamua ndizi za mbege, machicha yalikuwa na mwenyewe hata kabla hayajatoka kwenye kichujio. Nilitumwa na ndoo kwa jirani, na nikichelewa nilirudi na ndoo tupu na maneno ya mama juu yake. Leo wafugaji wa Dar es Salaam hugombania machicha ya viwanda vya bia. Hakuna mfugaji anayeyaita taka.

Jiujiang ilikuwa vivyo hivyo. Mchele hupikwa, huchanganywa na hamira iliyotengenezwa kwa mchele na soya, ukachachuka. Kinachogeuka kileo ni wanga; protini sehemu kubwa hubaki kwenye machicha. Machicha yalimnenepesha nguruwe. Samadi ya nguruwe ilitiwa bwawani, samaki wakanawiri. Tope la bwawa likazolewa na kupandishwa kwenye matuta kurutubisha miforsadi, majani yakalisha viwavi vya hariri, na kinyesi cha viwavi kikarudi bwawani. Hariri ikauzwa, mchele ukanunuliwa. Mchumi wangu amehesabu kinywaji peke yake.

Kuhusu mabwawa hayo, nina shahidi nisiyechoka kumsoma: Qu Dajun, mzaliwa wa Panyu, 1630 hadi 1696. Ujanani alipigana na Wamanchu, waanzilishi wa utawala wa Qing, akajificha katika utawa wa Kibuddha, akarudi uraiani, na vitabu vyake vikaja kupigwa marufuku na utawala alioukataa. Kazi yake *Guangdong Xinyu*, kuhusu mkoa wa Guangdong, ina juzuu 28, kila moja na mada yake: mbingu, ardhi, maji, vyakula, samaki, wadudu. Hakuna mtawala aliyemwagiza kuiandika, na ndiyo maana inanuka matope. Anaeleza jinsi wanavijiji wa Guangzhou walivyoacha mashamba yenye rutuba wakayafanya matuta ya miti ya matunda, mlaichi ukiwa mbele. Anawaeleza pia watu wa Jiujiang na biashara yao ya vifaranga vya samaki. Angalieni tarehe: haya aliyaandika karne ya 17, na pombe tunayoibishania inajivunia asili ya karne ya 19. Mpunga uliachwa kabla mtambo haujawaka. Kumshitaki mkenekaji kwa kosa hilo ni kumkamata mtu ambaye hajazaliwa.

Nguruwe hakuishia bwawani. Shahamu ya mgongo wake huchemshwa, ikapoa, ikatumbukizwa katika mtungi wa pombe na kuachwa humo kwa wiki kadhaa. Ukali hupungua, harufu nzito huzaliwa, na kinachochujwa kina kileo cha asilimia 30 hivi. Mnyama aliyelishwa na mtungi anarudi mtungini. Na mwaka 1952, karakana ndogo zilipounganishwa, kiwanda kilichoundwa kilikuwa cha pombe na mchele kwa pamoja. Sidhani ilikuwa bahati nasibu.

Nampa mchumi haki yake mahali pamoja. Mwaka 1943 vita na ukame viliiletea Guangdong njaa kali, na katika mwaka kama huo kijiji kinachonunua mchele hakiwezi kula hariri. Lakini hilo linashitaki mito iliyofungwa na wakubwa walioifunga. Leo samaki wanalishwa chakula cha magunia na mabwawa mengi yamefukiwa, kwa hiyo hoja yangu ni ya zamani zile tu. Kwa zamani zile siiachi. Anayetaka kunipinga aniletee hesabu ya nguruwe wa Jiujiang, mwaka kwa mwaka, ndipo tukae mezani.