Swali Lipelekwe Ofisini, Lisiachwe Mlangoni kwa Jirani

Maongezi ya mtumishi wa shirika la mtaa mbele ya jamaa za wakimbizi wa ndani na viongozi wao, Mpofi



Mmeniomba niseme juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: maandamano, polisi, na majina yanayoandikwa. Kila mara vijana wakiandamana kudai usalama, nyuma yake huja maneno yale yale. “Polisi wana orodha.” “Fulani ndiye aliyetoa majina.” Orodha yenyewe hakuna aliyeiona. Lakini kwa ajili yake watu wameacha kusalimiana, na wengine wamehama usiku.

Nitaanza na mama mmoja niliyemfahamu katika kazi hii. Jina lake na kijiji chake naviacha. Mtoto wake wa kiume alishikwa siku ya maandamano, hakurudi nyumbani. Watu wakamwambia kwamba jirani yake, mtu wa kabila lingine, ndiye aliyepeleka jina la kijana kwa polisi. Mama yule alikaa zaidi ya mwaka bila kumsalimu jirani. Watoto wa nyumba hizo mbili walikatazwa kuchota maji pamoja.

Baadaye jamaa waliandika barua wakaomba kuonyeshwa daftari la kasho la siku ile. Daftari lilionyesha kwamba kijana alishikwa njiani pamoja na wengine, wote kwa mara moja. Hakutafutwa kwa jina. Hata jina lenyewe liliandikwa vibaya. Daftari lilionyesha pia kwamba siku ya tatu alipelekwa ofisi nyingine. Mtoto hajapatikana mpaka leo, wala sitawadanganya kwamba karatasi ilimrudisha. Lakini swali la mama limeondoka mlangoni kwa jirani, limekwenda kwenye ofisi inayopaswa kulijibu. Hilo ndilo neno langu la leo.

Sheria inasema nini? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 26, inalinda uhuru wa maandamano. Waandaaji wanatakiwa kumjulisha mkubwa wa utawala kwa maandishi. Kujulisha, si kuomba ruhusa. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Kifungu cha 18 kinasema aliyeshikwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na asizuiliwe na polisi kupita saa 48 bila kufikishwa kwa wakubwa wa sheria. Kifungu cha 183 kinasema polisi haina siasa. Inatumikia taifa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigeuza chombo chake.

Halafu kuna kifungu cha 27, ambacho wengi wetu hatukukijua. Kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kuandikia serikali ombi, na serikali inapaswa kujibu kabla ya miezi mitatu kwisha. Tena kinasema hakuna mtu atakayeshtakiwa kwa sababu ya kuandika ombi hilo. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya mwaka 2016 inayoipa ofisi siku 21 kujibu anayeomba habari, na saa 48 kama uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Sisi tunayo miezi mitatu. Ni mirefu kwa mtu anayelia, lakini ina mwisho, na inaweza kuhesabiwa.

Mtaniuliza: na utawala wa kijeshi je? Ni kweli. Amri ya rais ya tarehe 3 Mei 2021 iliwapa wakubwa wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri uwezo wa kukataza mikutano. Lakini hata katazo ni karatasi: lina tarehe, lina sababu, lina mtu aliyeweka mkono. Mnaweza kuomba nakala yake.

Kumbukeni Goma, tarehe 30 Agosti 2023. Watu waliokuwa wanajiandaa kuandamana kupinga MONUSCO walipigwa risasi na askari. Meya alikuwa amekataza maandamano hayo. Hesabu ya kwanza ya wakubwa ilikuwa ndogo. Kesho yake serikali ilitaja wafu 43. Picha za video zilionyesha askari wakirusha maiti ndani ya kamyo. Siku chache baadaye korti ya kijeshi ilianza kusikiliza kesi mbele ya watu, na tarehe 2 Oktoba 2023 kanali wa walinzi wa rais alihukumiwa adhabu ya kifo. Siwaambii hayo ili tufurahie adhabu. Nawaambia kwa sababu hesabu ilibadilika pale ushahidi ulipotoka nje. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je?

Sasa, namna ya kufanya. Kwanza, andikeni lililotokea kwa ufupi: siku, saa, mahali. Msiandike matusi wala kabila la mtu.

Pili, ombeni karatasi zinazojulikana. Barua ya waandaaji na jibu la mkubwa wa utawala. Ripoti ya polisi ya siku ile: walitumwa wangapi, na nani aliwaamuru. Daftari la kasho: nani aliingia, saa ngapi, alitoka lini, alipelekwa wapi. PV ya aliyeshikwa, kwa jamaa yake au mwanasheria wake. Ombi la “mtuambie yote” halina jibu. Ombi la daftari la siku moja lina jibu.

Tatu, fanyeni nakala tatu. Moja ibaki ofisini. Ya pili ipigwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, mrudi nayo. Ya tatu ikae mbali, parokiani au kwa mtu wa kuaminika, maana nyumba zetu zinachomwa. Waende watu wawili au watatu wenye heshima, bila kundi na bila kelele. Kama makabila mawili yameumia, kila moja litoe mtu.

Nne, hesabuni miezi mitatu. Jibu lisipokuja, ile nakala yenye muhuri ndiyo ushahidi kwamba mliuliza. Mnaweza kuipeleka kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, kwa mwendesha mashtaka au kwa mbunge wenu.

Kuna mambo ya kuogopa pia. Msiulize majina ya watoa habari wala mahali askari walipo, hayo yanaua. Msitaje mashahidi ndani ya barua. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni, na ofisi nyingi zilitawanyika. Kwa hiyo ulizeni kwanza ofisi iko wapi, na nani anatawala njia ya kufika huko. Pale penye bunduki bila sheria, barua isipelekwe. Andikeni, fichani, ngojeni. Katiba haisimamishi risasi, na mimi sitaki kuzika mtu kwa sababu ya maongezi yangu.

Viongozi, ninyi nina ombi moja kwenu. Mtu akija kuwaambia “fulani alitoa majina,” msimtume kwa vijana. Mwulizeni: umeona wapi? Imeandikwa wapi? Kama hajui, kaeni naye, mwandike barua pamoja. Jirani aliyeshtakiwa kwa uvumi naye ana watoto, na kesho mtakutana naye kisimani.

 Maswali yenu nayapokea.