Glavu Imfae Mtoto, Mtoto Aitunze Glavu

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wazazi, makocha na wachezaji wadogo wa besiboli, Uganda

Nimeombwa kuzungumza juu ya glavu ya besiboli, na huenda baadhi yenu mnajiuliza polisi na glavu vinahusiana nini. Nitaanza na kisa kilichonipa mimi jibu.

Mwaka jana, jioni moja ya mvua, kundi la watu lilimleta kituoni mvulana wa miaka 11. Walimkuta na glavu ameificha chini ya shati, wakamwita mwizi. Wengine walikwisha kuokota fimbo. Nami, nakiri mbele yenu, swali langu la kwanza lilikuwa, "Umeiiba wapi?" Mtoto alinyamaza. Alipotulia ndipo alipoeleza kwamba glavu ya timu ililowa uwanjani, akaichukua kwenda kuikausha. Aliiweka usiku kucha kando ya jiko la makaa. Kulipokucha ngozi ilikuwa imekakamaa na kupasuka, naye akaogopa kuirudisha. Tulipomkuta alikuwa njiani kwenda kwa fundi viatu, na senti zake mfukoni. Kocha alifika, akathibitisha kuwa mtoto huyo ni mchezaji wake.

Ndugu zangu, hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mtoto asiyefundishwa kutunza ngozi, na timu isiyo na daftari la kuonyesha nani amechukua nini. Kwa upungufu huo mdogo, mtoto angeweza kupigwa hata kuumizwa vibaya. Ndiyo maana nimekuja.

Tuanze na kuchagua. Mpira wa besiboli ni mgumu, na una uzito wa gramu 142 hadi 149. Glavu ndiyo inayokaa kati ya mpira huo na uso wa mtoto. Sisi wazazi tumezoea kununua viatu vya shule vinavyozidi kidogo ili mtoto avikulie. Kwa glavu, desturi hiyo ina hatari. Glavu kubwa mno humwelemea mtoto, huchelewa kuinuka, na mpira hupenya.

Glavu hupimwa kwa inchi, kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi chini kwenye kitako chake. Mtoto wa miaka 5 hadi 7 humtosha ya inchi 9 hadi 10 na nusu. Wa miaka 8 hadi 10, inchi 10 hadi 11 na nusu. Wa miaka 11 na 12, inchi 11 hadi 12. Anayecheza karibu na vituo huhitaji ndogo zaidi, apate kuutoa mpira upesi. Anayecheza nyuma kabisa huhitaji ndefu zaidi. Mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji ana glavu yake maalumu, nene, isiyogawanyika vidole.

Glavu zetu nyingi ni za msaada au za mitumba, na zile za watu wazima huchanganyika na za watoto. Basi msigawe kwa kufuata foleni. Kila mtoto ajaribu kwanza. Je, anaweza kuifumba kwa mkono mmoja? Je, akiutikisa mkono, glavu inabaki mahali pake? Kumbukeni pia kwamba anayerusha kwa mkono wa kulia huvaa glavu mkono wa kushoto, na anayerusha kwa kushoto huvaa kulia. Mtoto wa shoto asilazimishwe kubadili mkono kwa sababu tu ya upungufu wa glavu; atafutiwe yake.

Sasa utunzaji. Baada ya mchezo, ifuteni glavu vumbi na tope kwa kitambaa kikavu. Ikilowa, ikausheni kivulini penye hewa. Isiwekwe juani, wala juu ya bati, wala karibu na moto. Ikishakauka, pakeni mafuta ya ngozi kidogo sana, kwa kitambaa. Yakizidi, glavu huwa nzito na kulegea. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwani huchacha na kunuka. Wekeni mpira katikati ya kiganja chake kabla ya kuihifadhi, ili umbo lisipotee, wala msiibane chini ya mizigo. Kagueni kamba zake za ngozi: iliyolegea ikazwe, iliyokatika ipelekwe kwa fundi viatu mapema. Glavu mpya hulainishwa kwa kudakia mipira taratibu, siku nyingi. Hakuna njia ya mkato iliyo salama.

Jambo la tatu ndilo letu sisi polisi. Kila glavu iandikwe namba ndani, kwa wino usiofutika. Kocha awe na daftari lenye namba, jina la mtoto, siku ya kuichukua na siku ya kuirudisha. Mtoto akienda nayo nyumbani, apewe kikaratasi chenye sahihi ya kocha. Mzazi, ukiuziwa glavu sokoni yenye namba ya shule au timu, usinunue, tuarifu. Nanyi majirani, mkimwona mtoto na kitu msichokielewa, mwulizeni kwa upole, au mleteni kwetu bila kumgusa. Fimbo haijui kuuliza.

Mchezo huu si wa wageni tena. Mwezi Agosti 2012, watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League, huko Williamsport, Pennsylvania, nchini Marekani. Huko waliifunga timu ya Gresham, Oregon, 3 kwa 2. Walikuwa watoto kama hawa walioketi mbele yetu.

Nanyi watoto, nawaomba neno moja. Glavu ikiharibika mikononi mwako, irudishe ikiwa imeharibika, useme kweli. Makocha wamenihakikishia kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kusema kweli, nami nimewaahidi kuwa shahidi wa ahadi hiyo. Yule mvulana amerudi uwanjani. Glavu yake ilishonwa, ingawa alama ya moto ingali inaonekana. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake, naye akanipa mkono.

Daftari liko mezani. Tutaanza kuandika namba mara tu baada ya chai.